Kopo langu la ndoto, na kwa nini sikuliziba kama kibubu

Kibubu kila mtu anakijua. Unaenda kwa seremala anakupigia kiboksi cha mbao, anaacha tundu jembamba juu la kupitishia noti, misumari pande zote, mlango hamna. Siku ya kufungua ni nyundo. Nguvu yake yote iko hapo, kwamba pesa unajua ipo lakini huifikii, hata mwezi ukukabe vipi. Kwahiyo nilipoanza kusema nataka kutengeneza kopo la kuwekea ndoto zetu pale nyumbani, tuziandike kwenye vikaratasi tuzitie humo, kila niliyemwambia alikuja na wazo hilohilo, liziba kama kibubu, mje mlivunje mwaka ukiisha msome. Hata mume wangu alisema hivo. Mi nikakataa, na nataka nieleze kwa nini nilikataa manake naona watu wengi siku hizi wanatengeneza hivi vitu, wanavipamba wee vinapendeza, halafu vinaishia juu ya kabati vinakula vumbi.

Mi ni fundi cherehani, nashona huku Mbagala, na kwenye banda la fundi kitu ambacho hakiishi ni vipande. Vitenge, lesi, satini za sare za harusi, vyote vinabaki vipandevipande kwenye mfuko, wateja wengine wanavidai, wengi wanaviacha. Nilikuwa navitumia kushonea vishikio vya sufuria na vifuko vya penseli vya watoto wa jirani. Hilo la kopo lilinijia kwenye kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka hela na kukopeshana. Kama uko kwenye kikoba unalijua lile sanduku la chuma, lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, halifunguki mpaka wote watatu wafike na wanachama waone. Nikawa nimekaa pale nasubiri hisa zihesabiwe, nikawaza, hivi kila sanduku nililowahi kuona maishani limetengenezwa ili mtu asifike kilichomo. Kibubu hivyohivyo. Bibi yangu alikuwa na kibweta chake, humo kuna udi, kuna hati ya kiwanja, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga, ukikisogelea tu unaitwa jina lako lote na la baba yako. Na yale masanduku makubwa ya Zanzibar yenye misumari ya shaba, yale mazuri kabisa yana droo za siri ndani, unavuta kipande cha ubao kumbe nyuma yake kuna nafasi ya kuficha dhahabu. Yote ni kuficha.

Sa pesa ukiificha inabaki pesa. Elfu kumi ya Januari Desemba utaikuta elfu kumi, tukiacha hilo la bei kupanda. Ndoto haiko hivo bana. Ukiiandika ukaifungia gizani, wewe mwenyewe ndo unaisahau, maana umeshapata raha ya kuiandika na kopo linapendeza, basi moyo unaona kazi imeisha. Nilikuja kusoma kwamba kuna mwanasaikolojia wa Kijerumani, Gabriele Oettingen, amefanya kazi miaka mingi kwenye hilihili. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Thomas Wadden walitoa utafiti wa wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito, wakakuta wale waliotegemea kwamba watafanikiwa walipungua zaidi, ila wale waliokuwa wanajiona kichwani tayari wembamba wamependeza walipungua kidogo kuliko wenzao. Nilivyosoma nilicheka peke yangu, maana nina wateja wa hivyo, anakuja na kitambaa anasema nipime lakini shona saizi ya nitakavyokuwa mwezi wa kumi na mbili. Nguo zao zinarudi kufunguliwa mishono.

Basi langu nikaamua litakuwa na kifuniko. Na kifuniko kifunguke kirahisi, mtoto afungue.

Kopo nililochukua ni la maziwa ya unga, lile kubwa la bati lenye kifuniko cha plastiki. Boksi la viatu nalo linafaa lakini kwa hapa Dar masika ikija boksi linavuta unyevu linalegea, na mende wanalipenda. Kwenye bati kuna kitu kimoja cha kuangalia, ule mdomo wa juu pale ulipotoa ile karatasi ya kung'aa ya kuzibia unaweza kuwa na makali, na hapa mikono itaingia kila mara, kwahiyo mi nilikata ukanda wa kitambaa nikauzungushia mdomo wote kwa ndani na nje ndo nikaendelea. Nililiosha kwa sabuni, nikaliacha juani mpaka harufu ya maziwa ikaisha, usipofanya hivyo sisimizi watakuwa na ndoto zao humohumo.

Kitambaa sasa. Nilikuwa na vitenge vya kila aina lakini roho ilikuwa kwenye kanga moja ya mama yangu. Kanga yenyewe ilishavaliwa, ikabebea watoto wote, ikatandikwa, na mara ya mwisho naiona ilikuwa imekunjwa chini ya sinki inasubiri kuwa dekio. Jina lake lilikuwa bado linasomeka vizuri, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikamwambia mama hii naichukua, akaniambia chukua ila na wewe uniletee nyingine, na sio moja, doti. Haya. Kanga za siku hizi nazo sijui wanaweka rangi gani, ukifua mara mbili imekuwa ya babu, ile ya mama imepigwa jua miaka na nyekundu iko palepale, ila hayo ni ya siku nyingine.

Shida ikaja kwenye vipimo. Kopo langu ukilizungushia tepu ni sentimita 41, na jina la kanga kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho lilikaribia 60. Ukilizungusha lote herufi zinapandana, unasoma JAPO SIPATI TAMAA halafu limeisha, maana yake imegeuka kabisa. Nililikata katikati, JAPO SIPATI nikaiweka juu, TAMAA SIKATI chini yake, na katikati nikapitisha kipande cha pindo la kanga hiyohiyo. Nilivyomaliza nililiweka mezani nikaliangalia kwa mbali kama kazi ya mteja. Likakaa vizuri kuliko lingezunguka mstari mmoja, maana mistari yote miwili inaanzia mbele, unalizungusha kidogo tu unasoma lote.

Wanaofuatilia mambo ya kanga wanasema aliyeanza kutia hayo maneno ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, duka lake ndo lile la Mali ya Abdulla, na kanga za mwanzo maneno yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Nalitaja kwa sababu hizo herufi zitarudi huko mbele.

Kubandika nitaeleza kwa kifupi kwa anayetaka kujaribu. Kanga ni nyepesi, ukiibandika moja kwa moja kwenye bati lile picha la ng'ombe wa maziwa litaonekana kwa nyuma, kwahiyo tanguliza karatasi nyeupe. Mafundi wenzangu, piga gamu, kile kitambaa kigumu chenye gundi, nyuma ya kitambaa kwa pasi kabla ya kukata, kinakuwa kigumu, hakichanuki nyuzi na gundi haitokezi mbele. Kitenge kipya fua kwanza kitoke ule ugumu wa dukani. Gundi nimetumia ile nyeupe ya maseremala, unaipaka kwenye kopo sio kwenye kitambaa, nyembamba, kwa brashi, unaanzia pale kopo lilipoungwa ili maungio yote yawe sehemu moja kwa nyuma, halafu unasukuma hewa itoke kwa kadi yoyote ngumu ya plastiki. Gundi ya uji wa unga wa ngano ambayo wote tulifundishwa shule inashika, sikatai, ila ni chakula, na huku kwetu kitu chochote ambacho ni chakula kina mwenyewe usiku. Kwenye kifuniko kata duara dogo la kubandika juu tu, usishushe kitambaa mpaka ukingoni, maana unene ule ukiingia kwenye mdomo wa kopo kifuniko hakitafunga tena. Ukingo wake mi nilikuwa nimepanga kuzungushia lesi. Haikuwa lesi mwishoni, nitafika.

Sasa vikaratasi. Nilikata kurasa za kaunta buku saizi ya kama tiketi ya daladala mara mbili hivi, na nilivifanya vidogo makusudi, ukipewa ukurasa mzima utaandika insha. Mume wangu alianza na "maisha mazuri". Nikamrudishia. Akaandika "kujenga". Nikamrudishia tena, akasema wewe mke wangu umekuwa afisa wa uhamiaji. Nikamwambia maisha mazuri hata mimi nikiikuta siku ile nimefungua nitajuaje kama imetimia? Yeye ni dereva wa malori, anapanda Tunduma anavuka Zambia mpaka Kasumbalesa kuingia Kongo, foleni ya pale mpakani wakati mwingine ni siku na siku, kwahiyo nyumbani tunamuona kwa vipande. Akakaa na kile kikaratasi muda, mwisho akaandika, nipate gari ya safari fupi za hapahapa Dar na Moro. Hilo sikuwahi kulisikia kwenye mdomo wake. Miaka yote ya ndoa najua anapenda barabara, huwa anasimulia Zambia kama vile kuna shamba lake kule.

Mimi ya kwanza niliandika cherehani ya ovaloki. Ninashonea Butterfly ya kupiga kwa mguu, ni nzuri haifi, lakini pindo za ndani nilikuwa napeleka kwa fundi mwingine kumalizia na kila nguo namwachia hela yake. Kwenye mgongo wa kikaratasi nikaandika kinachonizuia, na hii ndo kanuni ambayo naiona ya maana kuliko mapambo yote, mbele unaandika unachotaka, nyuma unaandika nini kimekaa njiani. Niliandika: naogopa kukopa kikoba kwa sababu ya marejesho. Nikaiangalia hiyo sentensi. Sikuwa nimejua kwamba kinachonizuia ni woga, nilikuwa nasema kila siku ni hela.

Binti yetu Zuhura yeye hakuhitaji kurudishiwa. "Baba awepo Iddi." Nyuma, kwenye kizuizi, ameandika "Kongo".

Nije kwenye karafuu. Niliweka punje chache za karafuu kwenye kakifuko ka kitambaa ndani ya kopo, kwa ajili ya wadudu na ile harufu ya karatasi zikikaa kwenye unyevu, na nikaweka na vile vipakti vya chengachenga vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Kopo likakaa chini ya kitanda kwa sababu rafu ilikuwa bado haijapigwa. Sa hebu lione kwa macho ya mtu mwingine: kopo limevikwa kanga nyekundu na nyeusi na nyeupe, liko chini ya kitanda cha ndoa, ndani kuna vikaratasi vimekunjwa na kifuko kimeshonwa kina vitu vya harufu. Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Pemba. Nikarudi kutoka dukani kununua uzi namkuta amekaa kwenye mkeka, kopo liko mbele yake, ameshalifungua na kifuniko amekirudishia vizuri, mikono ameiweka mapajani.

"Mama Zuhura."

"Abee mama."

"Njoo ukae mwanangu. Hichi chombo cha nani?"

"Chetu mama. Cha mimi na baba Zuhura na Zuhura."

"Mwanangu anakijua?"

"Anakijua mama, na yeye ameandika."

Akanyamaza. Akavuta pumzi. "Mganga huyo yuko wapi?"

Wallahi nilitaka kucheka lakini uso wake haukuwa wa kucheka. Mtu ameona hirizi chini ya kitanda cha mtoto wake na mtoto mwenyewe yuko barabarani na lori, utamlaumu? Nikafungua mbele yake, nikatoa kikaratasi cha Zuhura, nikamwita Zuhura mwenyewe akamsomea bibi yake. Baba awepo Iddi. Bibi akauliza na huku nyuma kumeandikwa nini, akasomewa. Akasema "Kongo kweli kizuizi", ndo akacheka, na mimi nikapumua. Kwahiyo ushauri wangu, kama nyumba yako inaingia wageni usichukue nyekundu na nyeusi na nyeupe kwa pamoja, hata kama ni kisutu kizuri namna gani, au basi liweke sebuleni mahali watu wanaliona. Kilicho wazi hakitiliwi shaka. Na langu lilihamia sebuleni siku hiyohiyo.

Kesho yake mama mkwe akaomba kikaratasi chake. Yeye herufi za kirumi anasoma za kubabaisha, alisoma chuo cha Kurani utotoni, anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wazee wengi wa kule. Akaandika polepole kutoka kulia, mstari mmoja mrefu, akakunja. Zuhura ambaye na yeye yuko madrasa akaanza kuvizia kulisoma, ameshafika herufi ya tatu akapigwa kibao cha mkono. Tukaweka sheria siku hiyo, cha mtu kinasomwa na mwenyewe, mwingine mpaka akusomee. Na kabla hajaondoka akatoa kwenye mkoba wake kipande cha ukili, ukindu wenye rangi ya zambarau na kijani, alikuwa anasuka mkeka, akakishonea kwenye ukingo wa kifuniko kwa mkono wake. Ndo maana nikasema haikuwa lesi.

Sasa kufungua. Sisi tunafungua baba akiwa nyumbani na mvua zikiwa zimekatika, yaani baada ya masika na tena baada ya vuli, sio tarehe maalumu. Tunatoa vyote tunamwaga kwenye mkeka, kila mtu anachukua vyake, unasoma mbele, unasoma nyuma, halafu unaamua, kinarudi, kinaandikwa upya, au kinatoka. Hapa ndo nilipoona kwamba kama ningeziba kopo nisingejua kitu. Kwa mfano nilikuwa na kikaratasi kinasema niende China kuchukua mzigo. Nilikirudisha mara ya kwanza bila kufikiria, maana kila mtu anayefanikiwa Kariakoo utasikia yuko Guangzhou au Dubai. Nilipokisoma tena nikageuza nyuma kuona nilichoandika kwenye kizuizi, palikuwa patupu. Sikuwahi hata kujiuliza nini kinanizuia. Ovaloki nilijua mpaka dirisha gani itakaa, soketi iko wapi, nitaanza na mashati ya nani, lakini China nilikuwa sina hata hamu ya kuuliza nauli. Ilikuwa ndoto ya wenzangu wa kikoba, nilikuwa nimewabebea tu. Nilikitoa nikajisikia mwepesi, na tangu hapo kikaratasi chenye mgongo mtupu nakitilia mashaka, changu au cha mtu yeyote.

Ya ovaloki nilikopa. Ile sentensi ya nyuma niliisoma mara ya pili nikaona haya, nikaenda kwenye kikao nikauliza marejesho yanakuwaje, nikaandika mahesabu kwenye kikaratasi kingine, hela niliyokuwa namwachia fundi wa kumalizia kila wiki ilikaribia kulingana na rejesho lenyewe. Mashine niliyopata ni mtumba, ina mlio mbaya asubuhi kabla haijapata moto, lakini inapiga. Kikaratasi chake sikukitupa, nimekibandika kwa ndani ya kifuniko.

Ya baba Zuhura bado. Ameulizia kwa watu wa magari ya mchanga, wanalipa kidogo kuliko safari ndefu na posho haipo, na sisi tuna ada. Kila tukifungua anakisoma anakirudisha, nyuma ameshaongeza mistari mpaka imejaa, sasa hivi anaandika pembeni kwa wima. Kikaratasi hicho kimechakaa kuliko vyote. Iddi iliyopita alikuwepo lakini, lori liliharibika Mikumi akarudi kwa basi, Zuhura anaamini ni kopo.

Wanawake wa kikoba sasa wanataka niwafundishe, nimewaambia kila mtu aje na kopo lake lililooshwa na kanga ambayo jina lake analipenda, vipande vya kuongezea vipo vya kutosha. Wawili wameshaniuliza kama wanaweza kuziba, nimewaambia kopo ni lako.

La kwetu limeshajaa, tumehamia kwenye ndoo ya rangi ya lita 4, na hapo ndo kuna mgogoro, maana Zuhura amekuwa, ana mambo yake, anataka ndoo iwe na kufuli. Na sio kufuli moja, amesikia habari za sanduku la kikoba, anataka tatu, mimi nishike ufunguo mmoja, yeye mmoja, baba yake mmoja. Nimemuuliza sasa baba akiwa kwenye foleni Kasumbalesa na ufunguo wake mfukoni, tutafungua vipi? Amesema atafikiria.